Mteja Aliyeshindwa Kuamua

Jamani, nichekeni tu. Mtu anayetembeza mikataba ya umeme aligonga mlango wangu hapa ughaibuni, Acocks Green, kumbe ni wa Mombasa! Tangu mke wangu afariki, Kiswahili nilikuwa nakiongea na sufuria. Nikamkaribisha chai.

"Mzee, utachukua bei isiyobadilika, au ile inayopanda na kushuka?"

"Hebu nieleze tena," nikasema, na nilishaelewa zamani.

Kila Jumamosi alirudi, nami nikazidi kusitasita na kukaanga sambusa.

Juzi mwenye nyumba aliingia kukagua bomba, akamkuta ananichorea mchoro wa bei.

"Lakini umeme wa chumba hiki nalipa mimi," akashangaa. "Hukumwambia?"

Mgeni wangu aliitazama sambusa mkononi mwake, akairudisha sahanini.