Dari Iliyoshonwa Njia ya Mang'ola

Baba yangu aliteleza kwenye mfereji wa kumwagilia vitunguu, huko kwake Mang'ola, akavunjika nyonga. Nilishuka mbio kutoka Karatu na gari langu kuukuu, ambalo enzi zake lilipeleka watalii kreta na sasa linanipeleka mimi sokoni. Tabibu wa zahanati alikuwa ameshasema: mzee apandishwe hospitali kubwa Karatu, apasuliwe, na asicheleweshwe, maana akiachwa hivyo hatatembea tena. Tukamlaza nyuma juu ya godoro. Hata mlango hatujafunga, kitambaa cha dari, ambacho kilikuwa kimelegea tangu masika, kikamshukia usoni.

"Nishusheni," akasema.

Tukadhani tumemuumiza.

"Sijaumia. Nishusheni. Anayefunikwa uso ni maiti, na mimi sijafa."

Shangazi, dada yake, anaishi naye hapo, na kazi yake ni kushona midomo ya magunia ya vitunguu kabla hayajapakiwa kwenye malori. Alimwambia aache utoto. Mimi nikasema basi tukodi gari lingine. Baba akasema hakodi gari la watu ilhali mtoto wake ana gari. Vijana wa kupakia vitunguu waliokuwa wamembeba wakamrudisha kitandani, kisha wakaniangalia mimi, utadhani dari ile niliilegeza makusudi.

Nilijua ni kisingizio. Mama alipandishwa njia hiyohiyo, kwenye gari hilohilo, amelala palepale, na hakurudi akiwa hai. Baba hajawahi kulitamka hilo. Yeye anazungumzia dari. Lakini ukitaka kumshinda baba yangu unamnyang'anya visingizio kimoja kimoja, kwa hiyo nikageuza gari nikapanda tena Karatu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba makorongo yote niliyapita bila kugusa breki.

Fundi wa viti vya magari alichungulia ndani, akasema wiki ijayo. Fundi akikwambia wiki ijayo, jua hajakwambia lini. Nikanunua gundi ile wanayobandikia soli za viatu, nikawa fundi mwenyewe, uani kwangu.

Kwanza nilivuta kitambaa chote chini. Vumbi jekundu la safari zote za kreta likanimwagikia kichwani, pamoja na maganda ya karanga, kifuniko cha kamera ya mtalii fulani, na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa tishu za watu wasafi. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na sponji nyembamba, nayo ilikuwa imeoza ikawa unga. Ndiyo maana kitambaa hakikuwa na cha kushikilia. Nikaisugua kwa brashi ya kufulia mpaka nikawa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Pole na kazi, mama. Unafyatua matofali?"

Nikapaka gundi, nikabandika kuanzia katikati kwenda pembeni. Ilikuwa Juni, na Karatu mwezi wa Juni ukungu unagoma kuondoka, watu wanavaa sweta juu ya sweta. Kitambaa kikashika, kikanyooka, hakina hata mkunjo. Nikapiga picha, nikamtumia shangazi. Nilijisifu sana asubuhi ile, na hakukuwa na mtu wa kunikataza.

Kosa langu, na ni kosa la sisi watu wa juu, lilikuwa kudhani kwamba kitu kikishika Karatu basi kimeshika. Njia ya Mang'ola inashuka kwenye joto, na kadiri inavyoshuka unavua. Nilivua koti, nikavua sweta moja, nikavua na la pili. Gundi nayo ikaanza kuvua. Nikawa nasikia mlio nyuma yangu, mithili ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, nikajiambia ni upepo. Nilipoingia uwanjani kwa baba nilikuwa naendesha nimefunikwa kichwa kama bi harusi.

Walikuwa wamemtoa nje na kitanda chake. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia. Mzee alikuwa amekubali kwenda, na hilo ndilo lililonimaliza. Akalitazama gari kwa utulivu mkubwa.

"Umeitengeneza," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Naona."

Nikaangua kilio palepale, mbele ya vijana wote wa vitunguu. "Baba, ukibaki hapa mguu ndiyo basi tena! Mama nimemkosa. Na wewe nikukose kwa sababu ya kitambaa? Kitambaa, baba?"

Baba alivua kofia, akaivaa tena. Shangazi ndiye aliyeingia garini, akapapasa juu, akasema vyuma vinavyobeba bati vina matundu. Kisha akachomoa kwenye kilemba sindano yake ya magunia, ndefu, iliyopinda nchani.

"Lumbesa nimelijaza mpaka limevimba kupita mdomo wake, nimelishona, limefika Dar halijafumuka," akasema. "Sembuse hiki kitambaa."

Shida ni kwamba dari ya gari haishoniki kirahisi. Ukisimama nje hufiki, ukiinama ndani shingo inakatika. Shangazi alishona mstari mmoja, akaomba poo. Mimi nilishona nusu mstari nikajichoma mara nyingi kuliko nilivyokichoma kitambaa.

"Nilazeni humo," baba akasema. "Halafu mnipe hiyo sindano."

Ujana wake wote alishona magunia kabla hajapata shamba lake. Na pale uwanjani, mtu pekee aliyekuwa amelala chali, uso umeelekea kazi, alikuwa yeye. Tukamlaza. Shangazi akakaa pembeni yake kunyoosha kitambaa. Baba akapitisha uzi wa nailoni kwenye tundu la chuma, akavuta, akafunga fundo.

"Unangoja nini, wewe mtoto? Endesha."

Nikaendesha. Penye korongo ananiambia simama, anachoma, anavuta, ananiambia nenda. Lori la vitunguu likatupita, dereva akatupungia mkono wa pole. Kila gari lilipotikisika nilisubiri baba alie kwa maumivu, lakini alichofanya njia nzima ni kuitukana gundi yangu. "Gundi! Amelibandika gari kama ndala!" Shangazi alicheka mpaka akaangusha mkasi. Nilianza na mimi kucheka, nikiwa bado nina machozi.

Tulipofika getini hospitali, dari nzima ilikuwa imeshonwa, mishono imekwenda upande kama njia ya ng'ombe, isipokuwa kipande kimoja juu ya kifua chake. Kilining'inia, na uzi ukiwa bado ndani. Wauguzi walikuwa hawajaleta kitanda cha magurudumu.

"Malizia tu, baba," nikamwambia. "Bado kidogo."

"Hapana." Akaichomeka sindano kwenye kitambaa, akaipigapiga kuhakikisha imekaa. "Hapa nimepaacha. Nitamalizia wakati wa kurudi."

Shangazi akageuka kutazama dirishani. Mimi nikashuka kwenda kuulizia kitanda, ingawa nilikuwa nakiona kinakuja.

Alipasuliwa. Siku zote alizolazwa niliendesha gari lenye sindano ya magunia ikining'inia nyuma, na kila niliyempa lifti alikaa mbele. Yule fundi wa viti, ambaye sasa alikuwa amepata nafasi, alitaka kunimalizia pale palipobaki. Nikamwambia pana mwenyewe.

Siku aliyoruhusiwa alitoka kwa magongo, polepole, kofia kichwani. Muuguzi akamfungulia mlango wa mbele, akamwambia, "Mzee, hongera, sasa unaweza kukaa hapa na dereva."

Baba akampita.

"Nilazeni nyuma," akasema. "Kazi yangu iko huko."