Jinzi ya Mwimba Kantri

Jamani, nina jinzi mia tatu zenye kiraka goti la kushoto.

Juzi polisi wa Kichina walikuwa wanakagua pasipoti mtaa mzima wa Huanshi, huku ninakonunulia mzigo, na viza yangu ilikuwa bado inashughulikiwa.
Nikajifungia ndani.

Bosi wa kiwanda cha jinzi kule Xintang nikamtumia kwa mtu kitabu cha picha nilichomnunulia baba, historia ya muziki wa kantri. Nikaweka alama kwa mwimbaji mmoja wa zamani: nishonee jinzi kama hii.

Sikuangalia goti. Nani anaangalia goti?

Leo nimefika, nalalamika. Bosi anafungua kitabu, anaweka kidole kwenye kiraka: "Yiyang." Yaani kwa Kichina, sawasawa na picha.
Anajisifu kabisa.

Nimempigia simu baba kule Moshi ili anipe pole.
Kaagiza mbili.

Nyie mnavaa saizi gani?