Maji Niliyomnyima Mwende

Nilipokuwa mtoto kule Mitaboni, tuliamini kwamba ukichezea moto mchana, usiku utakojoa kitandani. Kwa hiyo mdogo wangu Mwende, wa miaka saba, alipoanza kulowesha godoro, hakuna aliyehangaika kutafuta sababu. Susu, nyanya yetu, alilitazama lile godoro limeanikwa juani akasema, "Huyu amecheza na moto."

Aliyecheza na moto ni mimi. Nilikuwa nimechoma maganda ya mahindi nyuma ya zizi, Mwende akitazama tu. Nilidhani adhabu imekosea mtu, na nikanyamaza.

Dawa ya Susu ilikuwa kumnyima maji kuanzia saa sita mchana, nami nikafanywa mlinzi wa mtungi.

"Mutheu, nipee kidogo tu. Koo imekauka."

"Hapana. Utakojoa tena."

Siku ya tatu nilimkuta amepiga magoti kwenye karai la mbuzi, anakunywa. Nikamshtaki kwa Susu. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kesho yake Mwende alianguka uani, anahema kwa nguvu, midomo imepasuka. Alikaa hospitalini siku nyingi, na tulipoitwa, daktari alituchorea kibofu kwenye karatasi: mfuko wa misuli unaopokea mkojo kutoka kwenye figo, unaotanuka, na ukijaa unaarifu ubongo ndipo mlango wa chini ufunguke. Nilikitambua mara moja. Ndicho tulichokuwa tukikipuliza kiwe mpira kila mbuzi alipochinjwa.

"Kibofu ya huyu mtoto haina shida," alisema. "Ni sukari imezidi kwa damu. Figo zinaitoa pamoja na maji, ndiyo anakojoa sana na anaskia kiu. Nani alimnyima maji?"

"Ni mimi, daktari," Susu akasema, kichwa chini. Alijibebesha lawama zote peke yake, nami nikanyamaza mara ya pili.

Susu alifariki bila kujua habari za yale maganda. Mwende yu hai, anajidunga insulini kila siku. Krismasi iliyopita, tukiwa wawili jikoni, nilimweleza hatimaye kwamba moto ulikuwa wangu.

"Hiyo moto hata sikumbuki," alisema. "Ile kitu nakumbuka ni mtungi."

Niliinuka nimchotee maji. Akanishika mkono, akanikalisha, akaenda kujichotea mwenyewe.