Ndama wa Nyasi

Serikali ilitukusanya katika kijiji kimoja nje ya Garissa, tukazungushiwa boma la miiba na askari wakawekwa langoni, ili shifta, wale waasi wa porini, wasije kula kwetu. Mifugo ilitolewa jua likishapanda na kurudishwa kabla haijashiba. Ikaanza kufa. Basi tukaletewa kozi ya kuchuna ngozi. Sijui nani aliifikiria, lakini alijua vitu vya kujifunzia havitakosekana.

Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa na madarasa machache tu kichwani, na tayari nilijiona nimevaa koti jeupe, nina duka langu mjini, ngozi zimepangwa mpaka darini. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya watu ambao hatuozani nao, kwa hiyo binamu yangu hakuniacha.

"Bwana Ngozi, ukimaliza kozi utaoa nani? Mbuzi?"

"Nitamuoa dada yako, nimshonee viatu."

"Wallahi dada yangu atatembea peku mpaka Wajir!"

Mama hakucheka wala hakunikataza. Mawazo yake yote yalikuwa kwa ng'ombe wetu mmoja aliyebaki na maziwa. Mdogo wangu wa mwisho, msichana, alikuwa hajaota meno, na kifua cha mama kilikauka tangu tulipohamishwa. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyomweka hai.

Asubuhi moja ndama wake akafa. Ng'ombe wetu hateremshi maziwa bila mtoto wake mbele yake. Ndiyo maana watu wetu humchuna ndama mzima mzima, pamoja na kichwa na miguu, wakaijaza ngozi nyasi na kumsimamishia mama yake. Yeye humnusa, humlamba, maziwa yakashuka.

"Hooyo," mama aliniambia, kwa maana kwetu mama humrudishia mtoto neno lile lile analoitwa, yaani mama, "nichunie vizuri. Usimharibu uso."

Lakini amri ilikuwa kila ngozi iende kwenye banda la kozi. Nikamchuna ndama hapo hapo bandani, kwa njia ya nyumbani. Mwalimu, mtu wa bara, akaishika akashangaa.

"Kijana, hapa umechuna au umemvua shati?"

Nikamweleza kwamba mama anaitaka, ng'ombe akimwona ndama atatoa maziwa. Kwao ng'ombe hukamuliwa bila ndama, akaona ni mila tu. Akasema ngozi ni mali ya banda, akanituma mtoni na wenzangu kuleta maji.

Nilipoondoka moyo wake ukalainika. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Aliichovya ngozi katika pipa la dawa ya kuua wadudu, kama tulivyofanya kwa kila ngozi ili isiliwe, akaikausha kidogo juani, akampelekea mama mwenyewe kwa mikono yake miwili. Mama akamwombea dua, akaijaza nyasi.

Niliporudi alasiri nilimsikia mama akiimba wimbo wa kukamua. Nilikimbia nikicheka. Kibuyu kilikuwa kimefika nusu, na ng'ombe alikuwa anamlamba ndama wa nyasi shingoni, taratibu, macho ameyafumba. Ndipo nikanusa ile dawa.

"Mama, mwondoe! Ni sumu!"

"Usipige kelele, hooyo, atazuia maziwa."

Nilimnyakua yule ndama nikamrusha nje ya boma. Ng'ombe akamfuata mpaka kwenye miiba, akasimama hapo akimlilia. Asubuhi tulimkuta amelala upande, tumbo limevimba, amekufa.

Mwalimu alikuja mbio, kofia mkononi. "Mama, nisamehe. Sikujua kwamba wanailamba."

Mama hakujua Kiswahili. Nilimtafsiria. Akanigeukia.

"Muulize, huko kwao ng'ombe hampendi mtoto wake?"

Nilimuuliza. Akaikunjakunja kofia.

Askari wa lango akakumbusha kwamba ngozi ni ya banda. Nikachukua kisu mimi, sikutaka mkono mwingine umguse. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika kazi ile, aliushika mguu akauvuta ili ngozi ikaze. Binamu yangu alipita, akatuona, akainamisha kichwa. Ngozi ilitoka bila tundu hata moja. Mwalimu akaandika daraja la kwanza, na kwa ngozi hiyo nikafaulu kozi.

Jioni, mdogo wangu akilia kwa kukosa maziwa, jirani alituletea uji mwembamba wa unga wa serikali. Mama akamtilia mdogo wangu mdomoni kwa kidole. Akautema. Mama akaukusanya kidevuni, akamrudishia. Akautema tena.