Anayekimbia Bila Kufukuzwa

Mume wangu Theonest ni fundi wa makarasha pale Katoro, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ukimwona jioni, vumbi hadi kwenye kope, huwezi kudhani mtu huyo ana nguvu za kwenda kukimbia. Mimi nilidhani ni wazimu. Nilimwambia kweupe, tena mbele ya majirani, kwamba mwanamume anayeshinda amesimama akifunga nati na kubeba vyuma hana sababu ya kuamka alfajiri kwenda kuisumbua lami. Alicheka, akafunga kamba za viatu, akatoka.

Viatu vyenyewe aliviokota kwenye mtumba sokoni, rangi ya chungwa kali kiasi kwamba ungeviona hata ukiwa ng'ambo ya soko. Bodaboda wa Katoro walimpokea vizuri sana. "Fundi, nani kakudhulumu?" "Fundi, polisi wamegeukia kule, pumzika!" Yeye anapunga mkono na kuendelea na barabara ya Ushirombo, malori yakimpitia na kumfunika vumbi. Kuna wiki alirudi akiimba, anakula ugali wa watu wawili na kuulizia mwingine. Kuna wiki goti lilivimba, akashuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Kucha ya dole gumba iligeuka nyeusi, kisha ikang'oka, akaja kunionyesha kana kwamba ni zawadi. Nilimfukuza jikoni.

Mwaka ule wa kwanza alikwenda kukimbia marathoni ya Shinyanga mjini, kilomita zote arobaini na mbili. Alipofika kwenye barabara ya Tinde, mbio zikiwa bado ndefu, miguu ilikataa. Ilikuja ile pikapu inayokusanya walioshindwa, wakampakia nyuma na makreti matupu ya maji, wakampitisha katikati ya mji, mchana kweupe. Mimi na binti yetu Wema tulikuwa tumesimama kwenye utepe wa kumalizia tukimngoja. Wema akauliza kwa nini baba amekuja na gari. Theonest alisikia. Siku nyingi baadaye, asubuhi moja, akaniambia, "Mama Wema, narudi tena mwakani. Nikipanda tena ile pikapu, viatu hivi nampa mtu, na mambo ya kukimbia usinisikie nikiyataja." Nilimjua. Alimaanisha kila neno.

Kwa hiyo mwaka uliofuata hata mimi niliacha kumcheka. Nilimwekea uji kabla hajatoka. Nilimkanda goti na maji ya moto. Nilianza kuitaka ile marathoni kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe tulikwenda kwetu Didia kusaidia kuvuna mpunga. Hapa lazima nieleze kitu, maana Theonest ni Mhaya wa Muleba na mila zetu za Kisukuma alizikuta zimeshakaa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mama anapinda pembeni na kumgeuzia mgongo mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe, na mama yangu, Mariana, ni mtu wa heshima kupita kiasi. Miaka yote ya ndoa yangu macho yake hayakupanda juu ya magoti ya Theonest. Akitaka kujua hali yake ananiuliza mimi: "Yule wa viatu vya chungwa amekula?" Na Theonest naye anajua mgongo wa mama tu, ule ulioinama kidogo upande wa kushoto kwa sababu ya kuni za maisha yote.

Alfajiri ya siku ya pili nilimkuta ameshavaa.

"Usipite mbali," nilimwambia. "Huku hawakujui. Hapa siyo Katoro."

"Mke wangu, asubuhi ni asubuhi tu."

"Na hivyo vya masikioni viache."

"Bila kwaya siendi," akasema, akavichomeka, akaondoka.

Jua halijatoka vizuri nikasikia mwano. Ambaye hajakulia Usukumani hawezi kuelewa sauti ile inakufanya nini. Ni yowe refu, la juu, anaanza mmoja, anapokea wa kaya ya pili, linaruka kaya hadi kaya mpaka kijiji chote kimeamka. Ukilisikia unaacha ulichoshika na unakimbilia linakotoka, mwanamume na fimbo yake, mwanamke na jembe lake. Asiyekwenda atajibu mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Anayekimbia kwenda upande mwingine hana hata cha kujibu. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

"Ng'ombe wa kwa Abel," mama alisema, sikio amelitega. "Zizi li wazi, wameibwa." Kisha akaokota jembe.

Mimi sikuwa nafikiria ng'ombe. Nilikuwa naona mtu mgeni, amevaa kaptula, anakimbia gizagiza upande wa mbuga, masikio yameziba. Nilimsukumia Wema kwa shangazi yake na kutoka mbio. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti. Mama alikuwa mbele yangu, na sikuweza kumfikia, mwanamke mwenye wajukuu.

Mambo yaliyotokea huko mbele Theonest alinisimulia baadaye. Alikuwa anakimbia na kwaya yake, anajisikia vizuri kuliko siku zote, akageuka akaona watu wanakuja nyuma yake na marungu. Badala ya kusimama, akaongeza mwendo. Mtu amefanya mazoezi mwaka mzima, miguu ikamtii. Aliwaacha mbali, mjinga wa watu, na kila hatua aliyowaacha ilizidi kuwathibitishia kwamba wamempata mwizi. Lakini mwano unakwenda mbio kuliko mtu. Kaya za mbele zilikuwa zimeshaupokea, na waliotoka huko walimkuta anawajia mikononi. Fimbo ya kwanza ilimpata kichwani, akaanguka, na ndipo waya zikatoka masikioni akaisikia ile sauti.

Walimkalisha chini. Kamanda wa sungusungu, mzee Enock, alikuwa anamhoji.

"Unakimbia nini?"

"Nafanya mazoezi, mzee wangu. Shikamoo."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna mtu."

"Mtu anakimbia bila kufukuzwa?"

Watu walinguruma. Lafudhi yake ya Kihaya ilizidi kuharibu, maana ilikuwa ushahidi kwamba katoka mbali. Alisema yeye ni mkwe wa kijiji hiki. Wakamwambia kila mwizi ana mkwe. Damu ilimshuka ikachanganyika na vumbi, uso wake haukutambulika. Nilipofika nyuma ya kundi nilisikia mtu anasema tumalize, jua linatoka. Nilipiga kelele jina lake, lakini kila mtu alikuwa anapiga kelele. Nilivuta mashati, nikasukumwa, nikaanguka. Sijawahi kuogopa namna ile na siombi kurudia.

Mama alikuwa amepenya. Mama ni mfupi, alipita chini ya mikono ya watu, na macho yake, kwa mazoea ya miaka yote, yalikuwa chini. Akaona viatu.

Alitupa jembe. Alimwangukia Theonest, akamfunika kichwa kwa kitenge chake, akakikumbatia kile kichwa kifuani kwake. Fimbo iliyokuwa imeshanyanyuka ikamshukia yeye begani. Akapiga ukelele kwa Kisukuma: "Huyu ni mkwe wangu! Mkwe wangu, mume wa binti yangu Klara! Niueni mimi kwanza!"

Fimbo zikasimama hewani. Hata sasa sidhani walinyamaza kwa sababu walimwamini. Walinyamaza kwa sababu waliona mama mkwe amemkumbatia mkwe wake mbele ya kijiji kizima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mzee Enock aligeuza uso. Wanaume wakashusha fimbo na kuangalia pembeni, kama watu waliofungua mlango wa chumba kisicho chao.

Ng'ombe wa Abel walipatikana kabla ya mchana. Walivunja zizi wenyewe, wakaenda kula mpunga wa watu. Hakuna aliyewaiba, na hakuna aliyekuja kumwambia mume wangu pole.

Theonest alishonwa zahanati. Mama alijifungia ndani kwa aibu mpaka tulipoondoka, na bega lake nililikanda mimi. Theonest alikaa nje akitazama mlango ule uliofungwa. Alitaka kushukuru na hapakuwa na njia ya kushukuru bila kumkosea heshima mara ya pili. Tulirudi Katoro bila wao kuonana.

Viatu vilitundikwa msumarini. Pikipiki ikivuma nyuma yake, Theonest anaruka pembeni na kushika kichwa. Watoto wakipiga kelele uwanjani, anatoka jasho. Mwanzoni nilishukuru, nasema ukweli. Nilisema bora mume mnene aliye hai. Lakini kila alfajiri niliamka nikamkuta amesimama mlangoni, mkono kwenye komeo, hafungui. Marathoni ilikuwa inakaribia, na mtu wangu alikuwa anaisha mbele yangu.

Mama akanipigia simu. Nikaweka sauti kubwa, kwa makusudi, Theonest asikie.

"Yule wa viatu vya chungwa anakimbia?"

"Ameacha, mayu."

"Ameacha?" Sauti ikapanda. "Mimi nimevua heshima yangu mbele ya Didia nzima kwa ajili ya miguu ya mtu, halafu mtu mwenyewe ameikalia? Mwambie. Mwambie bega langu bado linauma." Akakata.

Kesho yake komeo lilifunguliwa.

Siku ya marathoni sikwenda kwenye utepe. Nilimchukua Wema tukasimame barabara ya Tinde, pale pale pikapu ilipomchukua mwaka uliopita. Tukiwa pale, bodaboda ikasimama mbele kidogo yetu, akashuka mama. Sikuwa nimemwita. Hakunisalimia sana. Alisogea ukingoni, akasimama ameielekea mbuga, mgongo barabarani, kitenge kile kile mabegani.

"Mayu, utaonaje?"

"Sikuja kuona," akajibu.

Wenye mbio walipita zamani. Walifuata wanaotembea. Kisha, mbali, ile rangi ya chungwa, na nyuma yake ile pikapu, inatambaa, inamsubiri.

Alikuwa hakimbii tena. Alikuwa anaburuta mguu wa goti bovu, midomo imekauka nyeupe. Vijana wa pale barabarani walimwonea huruma, wakaanza kumpigia makelele ya kumtia moyo na kukimbia nyuma yake, wengine na fimbo zao za kuchungia. Walikuwa wema kabisa. Lakini mimi niliuona uso wake. Aliwasikia nyuma, akageuka, akaziona zile fimbo, na akasimama. Mikono ilipanda kichwani. Pikapu ikafika ubavuni kwake na kijana wa ndani akafungua mlango. Theonest akaushika.

Wema alikuwa analia.

Hapo mama akapiga mwano.

Aliupiga akiwa ameelekea mbuga, mgongo kwetu, mikono kiunoni, kwa kifua chote alichobakiwa nacho. Waliokuwa mashambani wakainuka. Kaya ya upande wa pili ikaupokea. Nilidhani amemuua, nilidhani mtu wangu ataanguka pale pale kwa hofu.

Theonest aliinua kichwa. Safari hii sauti haikuwa nyuma yake. Ilikuwa mbele, na mbele aliona mgongo ule ulioinama kidogo kushoto. Alikuwa ameshafundishwa, tena kwa fimbo, kwamba ukisikia mwano unakimbilia unakotoka. Akaachia mlango wa gari.

Alikuja akichechemea, kisha akichechemea haraka, kisha akikimbia, ukimbiaji mbaya kupita wote niliowahi kuuona. Alipita nyuma ya mama, karibu kabisa, akainamisha uso kwa heshima. Mama hakugeuka. Hakuacha kupiga mpaka Theonest alipopotea kwenye kona ya kuelekea mjini.

Alifika. Mahema yalikuwa yanashushwa na maji yameisha, lakini alifika kwa miguu yake, na medali alivishwa na mfagiaji.

Kupiga mwano bila hatari ni kosa, na habari zilifika Didia kabla yetu. Jioni ile mzee Enock alikuja na wenzake wawili kwa mama, wakaketi. Mama alikuwa mlangoni. Theonest alikuwa nyuma ya nyumba, amewapa wote mgongo, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Mariana," mzee Enock alisema, "watu waliacha kazi zao wakakimbia. Tuambie nani alikuwa hatarini."

Mama alitazama chini.

"Mwanangu," akasema.

Mzee alisubiri aseme mkwe. Mama hakusahihisha. Nyuma ya nyumba nilisikia maji ya beseni yanatikisika, na nilipokwenda kuangalia, Theonest alikuwa ameuficha uso wake kwenye magoti, analia.