Kata Ndani ya Ukungu wa Endulen

Nilikwenda Endulen kumrudisha Naserian. Nimemfundisha karate hapa Karatu tangu akiwa sekondari, na kwa kata, yale mapigo yaliyopangwa dhidi ya adui asiyekuwepo, hana mpinzani. Lakini hivi karibuni mwanamume alimkamata mkono akitoka gulioni, akampora simu, naye akabaki ameganda. Hakurudi mazoezini. Alifunga virago akaenda kwa mama yake, akaniachia ujumbe kwamba kata ni kupigana na hewa. Maneno hayo yaliniuma, nami si mtu wa kunyamaza.

Asubuhi nilipanda Land Cruiser ya abiria iliyojaa magunia ya mahindi. Baada ya geti la hifadhi la Lodoare barabara iliingia msituni, ukungu ukatumeza. Dereva, mtu wa maneno mengi tangu stendi, sasa aliinamia usukani akiitafuta barabara. Kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, pale wageni wanapopiga picha, palikuwa na weupe mtupu. Kengele ya ng'ombe ililia karibu kabisa na dirisha langu, wala ng'ombe hatukumwona. Nilijifanya nasinzia.

Endulen tulifika alasiri. Mama yake Naserian alinipa chai ya maziwa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba binti yake hajazigusa zile nguo nyeupe za karate. Naserian mwenyewe aliniacha nihubiri mpaka nikachoka. Alikubali jambo moja tu: kesho yake tufanye kata moja ya kuagana.

Kulipokucha ukungu ulikuwa umeshuka mpaka bomani, jambo ambalo mama yake alisema si la kawaida kwao. Tulisimama nje ya uzio wa miiba, karibu na lango. Hatua za kata hukurudisha pale ulipoanzia. Tulipoanza tu sikumwona tena. Nilisikia miguu yake. Kisha nikasikia miguu mingine, mizito, nyuma yetu. Tulipotulia, nayo ikatulia.

Niliogopa, sifichi. Nilitaka kukimbia, ila sikujua lango liko upande gani.

"Usikimbie, sensei," Naserian alisema, bila kupandisha sauti. "Tumalizie. Itaturudisha langoni."

Akaanza kuhesabu polepole, nami mwalimu nikamfuata mwanafunzi. Geuka, kinga, vuta pumzi. Kitu kile kilipumua kushotoni kwangu, harufu ya matope ikanijia. Hatua ya mwisho nilinyoosha mkono, nikagusa miiba ya uzio. Tuliingia kwa kupapasa, tukaziba lango.

Jua lilipotoka tulikuta alama za kwato za nyati. Zilikuwa zimetuzunguka pande zote.

Mchana, nikisubiri gari na abiria wengine, Naserian alininyooshea mkono ule ule aliokamatwa.

"Kata imo mwilini, leo nimeiona," alisema. "Ila hakuna aliyewahi kunishika kweli mazoezini. Nishike kama yule mtu."

Nilimshika kwa nguvu zangu zote. Aliganda, macho yakamtoka, nikakaribia kumwachia. Kisha akageuka vile vile anavyogeuka kwenye kata, nami nikajikuta chini vumbini, abiria wakicheka.

Nilikuwa nimekwenda kutetea kata, nikarudi najua kwamba peke yake haitoshi: huweka njia mwilini, lakini mtu asiposhikwa kweli hajui kama anayo. Siku hizi mazoezini wasichana wangu wote nawashika bila huruma.

Naserian aliniinua, akanifuta vumbi. Gari lilipofika, alipanda kabla yangu.