Baba Mkwe Kwenye Meza ya Upasuaji

Nilipoanguka mara ya pili mtihani wa maandishi wa ubingwa wa nusukaputi, mwalimu wangu aliniambia tatizo kwa sentensi moja: unajua cha kufanya, lakini huelezi kwa nini. Nilikasirika siku nzima. Presha ya mgonjwa ikishuka mimi nachoma dawa, sikai chini nikatunga insha. Lakini nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu. Nikianguka tena, mlango umefungwa, na miaka yote ya kusoma imekwenda bure.

Ilipobaki wiki moja nilichukua likizo nikajifungia na vitabu nyumbani kwetu Homa Bay. Kujifungia ni maneno tu. Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ametoka Lambwe kuja kliniki ya presha, na alikaa sebuleni na redio yake kana kwamba ameajiriwa kunilinda. Kila nilipopita kwenda kuchukua chai, ananiuliza.

"Nyar Suna, bado unasoma?"

Nimezaliwa Suna, kule Migori, na tangu niolewe hilo ndilo jina langu: binti wa Suna.

"Bado, Baba."

"Watoto wangu wa darasa la nane walikuwa wanamaliza silabasi mwezi wa saba."

Sasa mtu kama huyo utamjibu nini? Baba mkwe hajibiwi. Huyo ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali: kiti chake hukikalii, kitanda chake hukigusi, na mwili wake huuoni hata kwa bahati mbaya. Nikawa nameza maneno pamoja na chai.

Ijumaa asubuhi ngiri yake ya kinena, ambayo kumbe alikuwa ametuficha miaka na miaka, ilitoka ikakataa kurudi. Tulipomfikisha hospitali ninayofanya kazi, alikuwa anatapika. Utumbo umebanwa, daktari wa upasuaji akasema, apasuliwe sasa hivi. Mwenzangu wa nusukaputi alikuwa thieta nyingine na mama aliyekuwa anavuja damu, hawezi kumwacha. Mwingine wa karibu alikuwa Migori, na utumbo haungoji mtu atoke Migori. Nikabaki mimi.

Mzee akakataa. "Si huyu. Huyu ni mke wa mwanangu." Alisema hivyo akiutazama ukuta. Mume wangu alimbembeleza, daktari akamtisha, wapi. Nilisimama pale nje ya pazia nikihesabu dakika. Mwishowe sista wa thieta, mama mwenye wakwe zake mwenyewe, akapata njia. Yeye ndiye angemvua na kumfunika shuka la kijani lenye tundu. Sindano ya mgongo huchomwa kwa nyuma, kwa hiyo mimi ningeona ngozi isiyozidi kiganja. Baada ya hapo ningekaa nyuma ya kichwa chake, tusitazamane.

Mzee akafikiri. "Basi aniambie kwanza atafanya nini. Na kwa nini."

Nusura niondoke. Utumbo wa mtu unakufa na yeye anatunga mtihani.

"Nitakuwekea maji kwenye mshipa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umetapika umekauka, na sindano italegeza mishipa ya miguu, presha ishuke."

"Endelea."

"Nitachoma chini, kiunoni, kwa sababu kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo inaishia juu ya hapo."

"Hiyo ni nusu jibu. Hapo chini kuna nini?"

"Maji, Baba, na nyuzi za fahamu zinazoelea. Sindano ikipita, zinasogea."

"Na kwa nini nisilale tu, nisijue lolote?"

"Tumbo lako limejaa. Ukilala, yaliyomo yanaweza kupanda yakaingia kwenye mapafu."

Akakubali. Nilidhani amemaliza. Saa nzima ya upasuaji aliniuliza kutoka chini ya shuka: presha ngapi, ilikuwa ngapi, umefanya nini, kwa nini hiyo na si nyingine. Daktari alikuwa anacheka ndani ya barakoa. Nikajibu kila swali meno yameumana. Utumbo uliokolewa, na mimi nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma, sura tatu za kitabu sijazifungua.

Kwenye mtihani, swali la kwanza, niliandika dawa na kipimo chake, nikataka kusonga mbele. Nikamsikia. Hiyo ni nusu jibu. Kwa hasira nikaandika sababu. Swali la pili, sababu. Niliandika sababu mpaka vidole vikafa ganzi.

Matokeo yalipotoka tulikwenda Lambwe kumwambia. Alikuwa kwenye kiti chake, mimi nikakaa karibu na mlango.

"Nimepita, Baba."

"Kwa alama ngapi?"

Nikamtajia.

"Na zilizobaki zilipotelea wapi?"

Hapo nikachoka kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamjibu. "Baba, hata siku ile ya kisu ulikuwa unanisahihisha tu."

Akaizima redio. "Sikuwa nakusahihisha," akasema. "Miguu yangu ilikuwa imepotea, tumbo limepotea. Kitu nilichobaki nacho ni sauti yako huko nyuma ya kichwa. Niliogopa ukinyamaza."

Nikainuka kwenda kumwekea chai.